Mwanamke wa Kichina Ughaibuni: Sheria, Kimya na Nafsi ya Msimulizi

Mtu anayetaka kuisoma fasihi ya wanawake wa Kichina wa Marekani hana budi kuanza na hesabu ya watu kabla ya kufungua kitabu chochote. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1880 walihesabiwa Wachina wanaume 100,686 na wanawake 4,779 tu, yaani kwa kila mwanamke mmoja palikuwapo wanaume ishirini na mmoja. Miaka kumi baadaye, kati ya Wachina 107,488, wanawake walikuwa 3,868. Uwiano wa namna hii hauzuki wenyewe. Wahakiki aghalabu huuliza kama mwanamke anayesimuliwa katika vitabu hivi ni Mchina au ni Mmarekani, na kama utii wake uko kwa mama yake au kwa shule aliyosomeshwa. Swali hilo ni halali, lakini lina historia yake, na historia hiyo iliandikwa kwanza na mabunge na maofisa wa forodha, ndipo ikaja kuandikwa na watunzi. Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo kwa kuwatazama wanawake wachache walioandika, na hasa kutazama namna kila mmoja wao alivyolikabili tatizo la kusema “mimi”.

Tarehe 3 Machi 1875 ilipitishwa sheria ya Page, iliyoitwa kwa jina la Horace Page, mbunge wa California. Kwa maandishi, sheria hiyo ilikataza kuingizwa nchini vibarua wa kulazimishwa na wanawake walioletwa kwa ajili ya ukahaba kutoka Uchina, Japani na nchi nyingine za Mashariki. Kwa vitendo, kila mwanamke wa Kichina alichukuliwa kuwa kahaba mpaka athibitishe kwamba siye. Alihojiwa na balozi mdogo wa Marekani kule Hong Kong kabla ya kupanda meli, akahojiwa tena aliposhuka San Francisco. Mwaka 1882 ikafuata sheria iliyowazuia vibarua wote wa Kichina, nayo ikaendelezwa mara kwa mara hata ilipofutwa mwaka 1943, na hata hapo Wachina walioruhusiwa kuingia walikuwa 105 tu kwa mwaka.

Yafaa ieleweke kwamba sheria hazikuwa sababu pekee. Katika vijiji vya Guangdong, alikotoka mhamiaji wa kawaida, desturi nayo ilimtaka mke abaki nyumbani awatunze wakwe zake, na kubaki kwake kulikuwa dhamana ya kwamba mume atapeleka fedha. Wake hao waliitwa wake wa Mlima wa Dhahabu, maana Mlima wa Dhahabu ndilo jina walilopewa California na wahamiaji. Wengine waliolewa, wakakaa na mume miezi michache, kisha wakangoja miaka ishirini au thelathini. Kwa hiyo desturi ya nyumbani na sheria ya ugenini zilishikana mikono, na mwanamke akawa katikati. Msomaji akilisahau jambo hili, ataona vitabu vya baadaye kuwa ni malalamiko ya mabinti dhidi ya mama zao tu.

Tetemeko la ardhi la San Francisco la mwaka 1906 liliteketeza kumbukumbu za serikali ya mji, na hapo wanaume wengi wakapata kudai kwamba walizaliwa Marekani, kisha wakawaingiza vijana waliowaita wana wao kwa hati. Wachina wenyewe waliwaita wana wa karatasi. Serikali ilijibu kwa maswali. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1940 wahamiaji walizuiliwa katika kisiwa cha Angel, ndani ya ghuba ya San Francisco, wakaulizwa idadi ya nyumba za kijiji chao, kisima kiko upande gani na mlango wa nyumba unaelekea wapi. Wanaume waliandika na kuchonga mashairi kwenye kuta za mbao za bweni lao, na zaidi ya mia moja yamehifadhiwa na kuchapishwa. Wanawake walilazwa katika jengo jingine, jengo la utawala, nalo liliungua mwaka 1940. Kama nao waliandika chochote ukutani, kiliteketea pamoja na ukuta. Tunapojiuliza kwa nini sauti ya mwanamke wa kizazi cha kwanza ni hafifu mno katika fasihi hii, tukumbuke pia jambo dogo kama hilo la kuungua kwa nyumba.

Ajabu ni kwamba mtu wa kwanza kusikika hakuzaliwa Uchina wala Marekani, na uso wake ungeweza kupita kwa uso wa Kizungu. Edith Maude Eaton alizaliwa Macclesfield, Uingereza, mwaka 1865, baba yake Mwingereza na mama yake Mchina aliyelelewa na wamisionari. Familia ilihamia Montreal, Kanada, ikawa na watoto wengi na fedha kidogo. Edith alifanya kazi ya kupiga chapa, akawa mwandishi wa magazeti, akafika mpaka Jamaika, kisha akaishi San Francisco na Seattle. Hadithi zake alizitia jina la Kichina, Sui Sin Far. Mwaka 1909 alichapisha insha juu ya maisha yake, na ndani yake anaeleza jinsi siku moja alivyokaa mezani na mwajiri wake pamoja na watu wengine, nao wakazungumza kwamba hawawezi kuamini kuwa Wachina ni binadamu kama wao. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Alijitaja kuwa ni Mchina.

Dada yake Winnifred, aliyezaliwa mwaka 1875, alichagua njia nyingine. Katika miaka ile Wazungu wa Marekani waliwadharau Wachina, lakini waliistaajabia Japani kwa vitambaa vyake na nguvu za jeshi lake. Basi Winnifred akajiita Onoto Watanna, akajifanya binti wa Kijapani, akaandika riwaya za mapenzi zilizouzika vizuri sana. Moja kati ya hizo, “A Japanese Nightingale” ya mwaka 1901, iliigizwa jukwaani New York. Wahakiki wengi wamemlaani kwa udanganyifu na kumsifu dada yake kwa uaminifu. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka. Dada hawa wawili walikuwa na damu moja na umaskini mmoja, na soko lililowangoja lilikuwa moja. Kila mmoja alitambua kwamba kwa mwanamke wa asili yao utambulisho ni vazi ambalo wengine wamekwisha kulikata, naye hana la kufanya ila kulivaa au kulikataa. Winnifred alilivaa lililolipa. Hilo halimfanyi shujaa, lakini linatufundisha zaidi juu ya wasomaji wake kuliko juu yake mwenyewe.

Kitabu cha Edith, “Mrs. Spring Fragrance”, kilitoka Chicago mwaka 1912, miaka miwili kabla ya kifo chake. Lugha yake ni tamu kidogo kuliko tunavyopenda leo, na wahusika wake hupambwa kwa maua kupita kiasi. Lakini zisomwe zile hadithi zinazohusu akina mama. Katika moja, mwanamke anafika bandarini na mtoto mdogo aliyezaliwa Uchina. Mtoto hana hati, maofisa wanamchukua na kumweka katika nyumba ya wamisionari, na miezi kumi inapita kabla karatasi haijafika kutoka Washington. Mama anapokwenda kumchukua, mtoto anajificha nyuma ya sketi ya mwanamke wa Kizungu na kumfukuza mama yake. Hadithi inaishia hapo. Katika nyingine, mke aliyeletwa kutoka kijijini anamwua mwanawe usiku wa kuamkia siku ambayo angepelekwa shule ya Kimarekani. Mwandishi hamtetei wala hamhukumu. Anatuonyesha tu kwamba mume amejifunza lugha mpya na mila mpya kwa miaka mingi, akamtaka mkewe azipokee kwa wiki chache, ilhali hakuna mtu hata mmoja aliyemweleza kitu kwa lugha yake. Edith alipozikwa Montreal, Wachina wa mji huo walimjengea kaburi lake nguzo ya ukumbusho.

Sasa turuke miaka hadi 1950, kilipotoka “Fifth Chinese Daughter” cha Jade Snow Wong, mzaliwa wa San Francisco wa mwaka 1922. Baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha kushona nguo za kazi, na familia ililala hapo hapo penye cherehani. Alipotaka kwenda chuo, baba alimjibu kwamba fedha ni za kaka yake, kwa kuwa mtoto wa kiume ndiye atakayeendeleza jina la ukoo. Binti akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, akajisomesha, akamaliza Chuo cha Mills mwaka 1942, kisha akawa mfinyanzi na kuuweka mtambo wake wa kufinyangia katika dirisha la duka ndani ya mtaa wa Wachina. Wazungu walijaa barabarani kumtazama, Wachina walimcheka.

Kitabu hiki ni tawasifu, lakini hakina “mimi”. Mwandishi anajisimulia kwa nafsi ya tatu tangu mwanzo hadi mwisho, na katika dibaji anaeleza kwamba adabu ya uandishi wa Kichina hairuhusu mtu kujitanguliza. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopata la kutafakari. Kiingereza kinamlazimisha Bibi Wong, kila anapojitaja katika nafsi ya tatu, aseme pia kwamba yeye ni mwanamke. Kiswahili kisingemlazimisha, maana kiambishi a- na neno “yeye” havijali mume wala mke. Kichina cha kusemwa nacho hakitofautishi. Neno “ta” ni la wote. Katika maandishi pia palikuwa na herufi moja ya kawaida mpaka miaka ya mwisho ya 1910, wakati Liu Bannong alipopendekeza herufi yenye alama ya mwanamke, na msukumo wake ulikuwa haja ya kutafsiri vitabu vya Kizungu. Kwa hiyo binti wa tano wa Bwana Wong, alipoukimbia ubinafsi wa “mimi” wa Kiingereza ili abaki Mchina, aliangukia katika nafsi ya tatu inayotangaza uke wake kila mstari, jambo ambalo lugha ya baba yake katika mazungumzo haikudai hata kidogo. Sidhani alikusudia hivyo, lakini matokeo yanalingana kabisa na maudhui: nyumbani ni binti kabla ya kuwa mtu, na nje ya nyumba ni Mchina kabla ya kuwa mtu.

Serikali ya Marekani ilikipenda kitabu hiki. Kilitafsiriwa kwa lugha kadhaa za Asia, na mwaka 1953 mwandishi alitumwa kuzuru nchi za Asia kwa miezi minne, awe ushahidi kwamba mtu asiye mzungu anaweza kufanikiwa Marekani. Huo ulikuwa wakati wa vita baridi, na sheria ya kuwazuia Wachina ilikuwa imefutwa miaka kumi tu iliyotangulia.

Miaka 26 baada ya Wong alikuja Maxine Hong Kingston, naye akaishika “mimi” kwa mikono miwili, huku akiionea shaka. Alizaliwa Stockton, California, mwaka 1940, na wazazi wake walikuwa na duka la udobi. Katika “The Woman Warrior” ya mwaka 1976 anakumbuka jinsi alivyoduwaa shuleni mbele ya neno la Kiingereza la nafsi ya kwanza. Herufi ya Kichina ina mikato saba. Ile ya Kiingereza ina mitatu, tena imesimama peke yake. Anakumbuka pia kwamba Kichina kilikuwa na neno la mwanamke kujitajia lenye maana ya mtumwa. Kwa muda mrefu mtoto yule hakusema kitu darasani.

Kitabu kinaanza na katazo: mama anamsimulia binti hadithi na kumwonya asiitoe nje. Hadithi ni ya shangazi, dada wa baba, ambaye mume wake alikuwa Marekani kwa miaka, naye akapata mimba. Wanakijiji waliivamia nyumba, wakavunja vyombo na kuchinja mifugo. Shangazi akajifungua katika banda la nguruwe, akajitosa kisimani pamoja na mtoto. Ukoo ukaapa kwamba hakuwahi kuzaliwa. Sura hii imehakikiwa sana kama habari ya ukatili wa mila dhidi ya mwanamke, na ni kweli. Lakini tuirudishe katika historia tuliyoieleza. Shangazi huyu ni mke wa Mlima wa Dhahabu. Kijiji kinamwadhibu kwa sababu kijiji chote kinaishi kwa fedha za wanaume walio mbali, na mimba yake inatishia mpango mzima. Adhabu ilitolewa Guangdong, ila mkono mmoja wa waliomsukuma kisimani ulikuwa Washington.

Shangazi wa pili katika kitabu, dada wa mama, anafika California akiwa mzee, baada ya kuletewa fedha na mume wake kwa miaka thelathini. Anamkuta mume ni daktari, ana mke mwingine kijana, anasema Kiingereza. Hamfokei wala hampigi. Anamweleza tu kwamba yeye na maisha yake ya kale wamekuwa kama watu wa kitabu alichokisoma zamani. Shangazi anarukwa na akili, anafia hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa maoni yangu hii ndiyo sura yenye uchungu kuliko zote, kwa sababu hakuna mwovu wa kumnyoshea kidole.

Kuna neno moja katika kitabu hiki ambalo lingemsumbua mfasiri wa Kiswahili. Kichwa chake kidogo kinataja utoto ulioishiwa miongoni mwa “ghosts”, nalo ni tafsiri ya neno la Kikantoni “gwai”, linalobeba roho ya mfu asiyetulizwa na pia Mzungu au mgeni yeyote. Tukisema mizimu, tumeingiza heshima na matambiko. Pepo hupanda watu kichwani. Zimwi hula watoto katika ngano. Labda mizuka lingefaa, kwa maana mzuka hujitokeza ghafla na huna undugu naye. Msichana wa Stockton amezungukwa na mizuka ya aina mbili: wauza maziwa na askari wa barabarani, ambao mama anawaita hivyo, na shangazi wa kisimani. Tofauti ni kwamba wale wa kwanza wako hai na yeye mwenyewe anakua akifanana nao.

Kitabu kilipata tuzo ya taifa ya wahakiki wa Marekani katika tapo la maandishi yasiyo ya kubuni, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Frank Chin, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1940, alimshtaki Kingston kwa makosa matatu: kwamba tawasifu ni utanzu wa maungamo ya Kikristo usiokuwa wa Kichina, kwamba amemchafua mwanamume wa Kichina mbele ya Wazungu, ambao tayari wanamdharau, na kwamba amezighushi ngano. Shtaka la tatu lina ushahidi. Katika utenzi wa kale, Mulan anakwenda vitani badala ya baba yake, na hakuna anayemchanja maneno mgongoni. Kuchanjwa huko ni katika masimulizi ya Yue Fei, jemadari wa karne ya 12, ambaye mama yake ndiye aliyemchanja. Kingston alikitoa kisa kwa mwanamume akampa mwanamke.

Je, huko ni kughushi? Wenzetu wanaoshughulika na fasihi simulizi watashangaa kuona swali lenyewe limeulizwa kwa hasira kiasi hicho. Fanani anayesimulia mbele ya hadhira mpya hubadilisha, na mama wa Kingston alikuwa fanani. Isitoshe, alichokihifadhi mhamiaji si maktaba. Ni vipande alivyovisikia usiku akikaribia kusinzia, vya lahaja ya kijijini, vikichanganyika na sinema. Chin anataka asili moja iliyo safi, ilhali waliovuka bahari hawakuwa nayo. Hata hivyo shtaka lake la pili haliwezi kupuuzwa. Wanaume wa Kichina walinyimwa wake kwa sheria, kisha wakachekwa kwa kukosa uume. Walisukumwa katika udobi na upishi, kazi zilizohesabiwa kuwa za kike, kisha wakaitwa wanawake. Mwandishi anayetaja dhuluma ya baba mbele ya hadhira hiyo anampa adui silaha, apende asipende. Naamini Kingston alilitambua hilo. Mwaka 1980 alitoa “China Men”, kitabu cha baba na babu zake, na katikati yake aliweka sura ambayo si hadithi kabisa: ni orodha ya sheria dhidi ya Wachina, mwaka baada ya mwaka, bila maelezo ya ziada.

Amy Tan, mzaliwa wa Oakland wa mwaka 1952, aliupata umma mkubwa kuliko wote kwa “The Joy Luck Club” ya mwaka 1989, iliyofanywa filamu mwaka 1993. Mama zake wanne si wa vijiji vya Guangdong. Ni wakimbizi wa vita vya miaka ya 1940. Muundo ni mzuri, lakini naona kwamba baada yake ugomvi wa mama Mchina na binti Mmarekani uligeuka kuwa kanuni, na wachapishaji wakaanza kuitafuta kanuni hiyo kwa kila mwandishi wa kike mwenye jina la Kichina.

Mambo yanabadilika tukitoka katika Kiingereza. Nieh Hualing, aliyezaliwa mkoa wa Hubei mwaka 1925 na kufariki 2024, alikimbilia Taiwan, kisha mwaka 1964 akahamia Iowa, ambako mwaka 1967 alianzisha pamoja na Paul Engle programu ya waandishi wa kimataifa. Aliendelea kuandika riwaya zake kwa Kichina. Katika riwaya yake ya Sangqing na Taohong, yaani Mforosadi na Mpichi, mwanamke mmoja anasafiri kutoka mashua iliyokwama katika mto Yangtze mwaka 1945, kupitia Beijing iliyozingirwa na dari ya nyumba wanamojificha Taipei, hadi Marekani akiandamwa na ofisa wa uhamiaji. Safari hiyo inampasua nafsi mbili zenye majina mawili, na ya pili inasisitiza kwamba ya kwanza imekufa. Hapa hakuna binti wa kumtafsiri mama kwa Wazungu; hakuna Mzungu anayeelezwa chochote. Msomaji aliyekusudiwa ni Mchina, naye ndiye aliyechukizwa. Gazeti la Taipei lililoanza kuitoa riwaya hiyo kwa sehemu mwaka 1970 lilikatizwa, na kitabu kizima kikatoka Hong Kong mwaka 1976, mwaka ule ule wa kitabu cha Kingston. Kiliposomwa Marekani kwa tafsiri ya Kiingereza, wahakiki hawakujua wakiweke rafu gani: fasihi ya Kichina au fasihi ya Marekani. Kingston aliyezaliwa Stockton hawakumpa shida hiyo, ingawa mama yake na mhusika wa Nieh waliulizwa maswali ya aina moja na maofisa wa idara moja.